Kipupwe cha Sheria Nchini Shwarini

Jinsi nilivyofika Shwarini haimhusu msomaji, na mimi mwenyewe sipendi kuikumbuka, kwa kuwa nilitapika njia nzima. Naanzia langoni. Askari wa lango alikuwa amevaa sweta ya sufu iliyofungwa vifungo hadi kooni na kofia ya kufuma iliyofunika masikio, na jasho lilikuwa likimtiririka puani na kudondokea kwenye daftari lake la wageni. Aliniuliza habari. Nikamjibu kama ninavyojibu popote duniani: nzuri, ila joto limezidi.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua.

"Mgeni, hapa habari ina jibu moja tu. Kawaida."

"Lakini joto..."

"Kawaida," alirudia, akaniamuru nilitamke neno hilo mara saba mbele ya ubao mkubwa uliosimikwa kando ya lango. Ndivyo nilivyopata nafasi ya kuusoma. Uliandikwa kwa hati nzuri sana: KAWAIDA YA BAHARI, NYUZI THELATHINI NA MBILI. BAHARI LEO, NYUZI THELATHINI NA MOJA. KWA HIYO NI KIPUPWE. RAIA WOTE WAVAE NGUO NZITO.

Lazima niseme hapa kwamba kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kusahihisha mitihani ya jiografia. Nimestaafu, lakini mkono wangu bado hutafuta kalamu nyekundu kila unapokutana na jibu lisilolingana na swali. Siku ile ulitafuta kalamu mfukoni mpaka ukachoka. Nikapewa sweta ya wageni, ya kijani, yenye harufu ya wageni walionitangulia, nikaingia mjini.

Mji ulikuwa wa kupendeza na watu wake wachangamfu. Wauza juisi ya ukwaju walikuwa wamefunga vibanda, maana vinywaji baridi havikuruhusiwa wakati wa kipupwe, na mahali pao walikaa wauza uji wa moto wenye tangawizi. Wanunuzi waliunywa wamefumba macho, kama watoto wanaomeza dawa. Kila watu walipokutana walisalimiana kwa furaha ya kweli. Habari za bahari? Kawaida! Na za nyumbani? Kawaida! Mwanamume mmoja alizimia mbele ya duka la blanketi, akapepewa kwa gazeti hadi akazinduka. Aliulizwa hali yake, akasema ni kawaida, na waliokuwapo wakampigia makofi.

Nilipanga chumba kwa Bi Mashavu, mkulima wa mwani, mama wa miaka hamsini na kitu aliyependa kucheka na ambaye mwanya wake ulionekana hata alipokasirika. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya ufuko. Nilipobisha hodi alinivuta ndani, akafunga mlango, akanivua sweta kwa mikono yake mwenyewe.

"Humu ndani ni kiangazi, Mwalimu," alisema. "Kipupwe kinaishia kizingitini. Keti unywe maji."

Sikuwa nimemwambia kwamba niliwahi kuwa mwalimu. Alisema alijua kutokana na jinsi nilivyousoma mlango wake kabla ya kubisha.

Kesho yake asubuhi maji yalipotoka alinipeleka shambani kwake. Kwa asiyejua, mwani ni jani la baharini linalolimwa kama mazao mengine: vijiti huchomekwa mchangani, kamba hufungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na vipande vya mbegu huning'inizwa kwenye kamba ili vikue ndani ya maji. Bi Mashavu alikuwa na kamba arobaini za mwani mwekundu mnene. Nilisema ni shamba dogo. Akaniambia ni shamba zima la pwani ya Shwarini, kwani kamba za wenzake wote zilikufa mwaka uliopita.

"Zilikufa na nini?"

"Rasmi? Zilikufa na kiangazi kichangamfu." Akainama, akainua kamba moja. "Wenzangu wananingojea mimi niwakatie mbegu. Wanawake tisini na wanne. Zikifa hizi hakuna mbegu tena nchi hii, wala aina hii sijasikia iko kwingine. Sasa tazama ncha hapa."

Ncha za matawi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na nilipozigusa zilibaki kidoleni kwangu, laini kama ugali uliolala.

"Ukiona weupe huu," alisema, "ujue mwani umechoshwa na maji ya moto. Na haya ya leo si neno. Baada ya siku nane ni bamvu, maji yatatoka mbali kabisa, na yatatoka saa sita mchana. Hapa patabaki maji ya kifundo cha mguu, jua likiwa utosini. Utapika chai humu, Mwalimu. Hutahitaji jiko."

Nilimwuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeliuliza: kwa nini asiuhamishe mwani kwenye kina kirefu, kule ambako rangi ya bahari inabadilika?

Alicheka kwa muda mrefu, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Kule, alinieleza, kunaitwa Maji ya Heshima. Ndiko kipimajoto cha taifa kinakoelea, na hakuna ruhusa ya kukisumbua kwa kamba wala kwa kivuli. Mtu anaruhusiwa kupeleka shamba huko ikiwa tu hari imetangazwa. Na hari haijatangazwa tangu Bwana Mcha ashike Idara ya Kawaida.

"Basi nenda ukamwambie."

"Nimepangiwa zamu Barazani keshokutwa. Utanisindikiza. Wageni wakiwepo huwa wanazungumza taratibu."

Kabla ya siku hiyo nilikwenda mwenyewe kumwona Bwana Mcha, kwa kuwa nilitaka kukutana na mtu aliyeweza kuishusha joto bahari kwa kalamu. Cheo chake kamili kilikuwa Mtunza Kawaida Mkuu. Nilitarajia mtu mkali. Nilimkuta mzee mpole, mwenye adabu nyingi, aliyevaa koti zito na skafu, ameketi chini ya feni iliyozimwa na kufunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua. Aliniagizia uji wa moto na akaomba radhi kwamba haukuchemka vya kutosha.

"Zamani," alinieleza, "Kawaida yetu ilikuwa wastani wa miaka thelathini. Bahari ikipita wastani ule kwa siku tano mfululizo, ilihesabiwa kuwa ni hari, na kengele ya mji ilipigwa kutwa. Watu walikuwa wakifunga maduka, wakihamisha mashamba, wakipatwa na hofu. Tukavumilia. Lakini ikafika mwaka ambao kengele ilipigwa siku mia mbili na kumi. Mpiga kengele akawa kiziwi. Hapo Baraza likakaa likajiuliza: tatizo ni nini hasa?"

"Mkaona ni bahari."

"Tukaona ni kengele," alisema Bwana Mcha. "Bahati mbaya kengele ile ni zawadi ya nchi rafiki, haiwezi kuondolewa. Basi tukaisogeza Kawaida. Kwanza tukaifanya wastani wa miaka kumi. Pakatulia. Kengele ilipoanza tena tukaifanya wa miaka mitano, kisha wa mwaka, na sasa ni wastani wa mwezi uliopita. Mwezi uliopita wastani ulikuwa thelathini na mbili. Leo ni thelathini na moja. Unaona mwenyewe." Aliniinamia kwa fahari ambayo hakuweza kuificha. "Mgeni wangu, nchi ngapi siku hizi zina baridi?"

Nilikiri kwamba sikujua nyingi. Jasho lake lilidondoka kwenye uji wangu, naye akajifanya hakuona, nami nikajifanya hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba nilimpenda. Nimewahi kusahihisha karatasi nyingi za wanafunzi wa namna yake, ambao hati yao ni safi, pambizo zimepigwa rula, na kila hesabu imefuata kanuni, isipokuwa jibu.

Barazani tulifika mapema. Wajumbe waliketi na sweta zao kwenye ukumbi uliofungwa madirisha yote kuzuia upepo. Aliyeanza kuzungumza alikuwa Mzee Jecha, mjumbe pekee aliyebaki wa chama cha Kawaida ya Zamani. Nilielezwa kwamba hutoa hotuba moja kila kikao, na kwamba wajumbe wanampenda na humletea mto wa kukalia.

"Mnapima urefu wa mtoto," alisema Mzee Jecha, "mnaweka alama kwenye mwimo wa mlango. Akirefuka, mnafuta alama mnaichora upya utosini pake. Kila mwaka mnampima, kila mwaka yuko sawa na alama. Mnasema huyu mtoto hakui. Na huku kichwa chake kinagonga dari!"

Walimpigia makofi. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba mtoto akizaliwa leo, hii ndiyo bahari atakayoijua, na kwake itakuwa ya kawaida. Kwa hiyo kumsimulia bahari ya zamani ni kumpa huzuni isiyo yake. Mwingine akakumbusha kwamba mwaka juzi kulikuwa na wiki moja ya baridi ya kweli, upepo ukashuka, maji ya ufukweni yakapoa ghafla na samaki wakaelea matumbo juu. Wiki hiyo, alisema, ukiichanganya na hari ya mwaka jana utapata kwamba hakuna lililotokea. Hoja hii ilipokewa kwa heshima kubwa. Hoja ya Mzee Jecha ilipigiwa kura na kushindwa, kura moja kwa thelathini na nane, naye akarudi kwenye mto wake.

Zamu ya Bi Mashavu ilipofika alizungumza vizuri. Alieleza juu ya ncha nyeupe, bamvu, na wanawake tisini na wanne. Alikuwa amekuja na tawi kwenye bakuli la maji, akalizungusha kwa wajumbe walione. Alisema wazi kwamba maji ni ya moto na kwamba anaomba hari itangazwe.

Bwana Mcha alilitazama tawi kwa makini. Akautazama ubao.

"Bibi, weupe huu ni wa theluji," alisema kwa upole. "Mwani wako unaona baridi."

Likaundwa jopo la kuchunguza baridi ya mwani, litakalotoa taarifa baada ya miezi mitatu. Tulipotoka nje Bi Mashavu alitembea mbele yangu hadi nyumbani. Akafunga mlango, akavua sweta, akaitupa ukutani, akalia. Mimi sijui kumbembeleza mtu anayelia. Nilibaki nimesimama na bakuli lake mkononi, nikihisi hasira ambayo sikuwa nimeihisi tangu nilipoacha kazi. Kabla ya bamvu zilikuwa zimebaki siku tano kamili.

Mtu aliyezoea kusahihisha akikasirika husoma. Bi Mashavu alikuwa na kitabu cha sheria za bahari alichokitumia kuegemeza dirisha. Nikakichukua, nikakisoma kuanzia jalada, na kila kilichonishangaza nilikisoma kwa sauti, naye akanijibu kwa miguno tu kutoka kitandani. Nilipofika ukurasa wa sitini na moja nilisoma hivi: "Sheria ya Kipupwe. Baridi huanza kuua kwenye maji mafupi. Kwa hiyo kipupwe kikitangazwa, kila mwenye kitu chenye uhai katika maji mafupi atakihamishia kina kirefu, ambako maji hayabadiliki upesi, wala hataulizwa."

Miguno ilikoma.

"Rudia, Mwalimu."

Nikarudia. Sheria ile, ilionekana, ilitungwa baada ya ile wiki ya baridi ya mwaka juzi, ikapitishwa, ikasahauliwa.

"Wala hataulizwa," alisema polepole. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateremka kitandani akaketi sakafuni, ameshika mbavu. "Loo, mimi mjinga! Siku zote nawaendea hawa nikilia joto. Kumbe nilitakiwa nikalie baridi!"

Asubuhi iliyofuata tulirudi Barazani, kwani Maji ya Heshima hayaingiwi bila saini ya Bwana Mcha. Bi Mashavu alivaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, soksi za sufu, na blanketi la kitanda changu mabegani. Alivuka ukumbi akitetemeka. Niseme haki yake: nimeona wanafunzi wakijifanya wagonjwa siku ya mtihani, lakini hakuna hata mmoja aliyemfikia. Meno yake yaligongana mpaka yakasikika safu ya nyuma.

"Bwana Mkuu," alisema, "nisamehe kwa maneno yangu ya jana. Nilikuwa sijaisikia. Leo nimeisikia."

Bwana Mcha alisimama. "Umeisikia baridi ya kipupwe, Bi Mashavu?"

"Hadi kwenye uti wa mgongo, Bwana Mkuu. Na mwani wangu nao umeisikia. Naomba nikauweke kina kirefu, kama sheria inavyosema, kabla haujagandia pale."

Nilimtazama Bwana Mcha na sitasahau uso wake. Macho yalimjaa machozi. Kwa miaka yote aliyotangaza kipupwe watu walikuwa wamevaa sweta kwa kutii, na huyu ndiye wa kwanza aliyekuja mbele yake akaisikia baridi. Alishuka kwenye jukwaa, akavua skafu yake mwenyewe, akamzungushia shingoni. Nilimwona Bi Mashavu akiyumba kidogo kwa joto.

Hapo ndipo Mzee Jecha aliposimama kutoka kwenye mto wake.

"Huyu mama hatetemeki kwa baridi!" alisema kwa sauti. "Mtazameni! Jasho linamtoka kama bomba! Huu ni uongo, na mimi nimepinga uongo katika ukumbi huu miaka kumi na tisa, siwezi kukaa kimya leo."

Mtu mmoja mkweli katika nchi nzima, na alichagua dakika ile. Wajumbe waligeuka kumtazama Bi Mashavu, ambaye kweli alikuwa amelowa chapachapa.

"Ni jasho la kipupwe," alisema Bwana Mcha, lakini kwa wasiwasi.

Bi Mashavu hakujitetea. Alimgeukia Mzee Jecha, akiendelea kutetemeka, na katikati ya kutetemeka kule akamkonyeza. Mzee alimtazama Bi Mashavu, akatazama kitabu cha sheria kilichokuwa wazi mkononi mwangu, na nikaona maana ikimwingia taratibu. Alikohoa. Akajikunyata.

"Naondoa hoja," alisema. "Ajabu. Hata mimi naanza kuisikia."

Ruhusa ilitiwa saini pale pale. Habari zilienea kabla hatujafika nyumbani, na hadi alasiri foleni ya wanawake ilikuwa imeuzunguka ukuta wa Idara, kila mmoja akitetemeka kuliko wa mbele yake, wote wakiomba kusaidia kuuokoa mwani usigande. "Shoga, unatetemekea kushoto," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "hebu tetemekea huku tuendane." Bwana Mcha alitangaza kwamba watu wa Shwarini hatimaye wamekuwa kitu kimoja na ubao wao.

Tulikuwa na ruhusa na siku nne kamili, ndipo tukagundua kosa letu. Kina kirefu kilikuwa pima tano. Wanawake wa Shwarini, mama zao na bibi zao walilima mwani wakiwa wamesimama. Kati ya wote tisini na watano, hakuna aliyejua kuogelea.

Mimi nilizaliwa kando ya mto, nikajifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo la kwanza lingenifaa kuliko la pili. Kesho yake asubuhi tuliingia majini, mimi na wanawake tisini na watano wenye sweta. Sweta ya sufu ikilowa ina uzito wa mbuzi. Kumi wa kwanza walizama papo hapo kwenye maji ya kiuno, tukawavuta wakicheka na kutema maji. Mkaguzi wa nguo nzito alikuwa amesimama ufukweni na daftari lake, kwa hiyo nikatoka nikamfungulia kitabu. Kifungu kilisema raia wavae nguo nzito nchi kavu. Nilimwuliza kama alikuwa anaiona nchi kavu pale waliposimama. Alitazama bahari kwa muda, akaandika kitu, akaenda zake kunywa uji. Sweta tisini na tano zikaanikwa mchangani.

Sijapata kuona darasa kama lile. Walielea wameshikana mikono, wakapiga maji kwa miguu hadi tukashindwa kusikilizana. Siku ya pili thelathini waliweza kwenda na kurudi. Siku ya tatu Bi Mashavu alikifikia kina kirefu peke yake na kurudi akijisifu mpaka jua linazama. Wasioweza walifunga madumu matupu kwenye kamba yawe maboya. Siku ya nne tulizikokota kamba zote arobaini, moja baada ya nyingine, mkono mmoja ukishika kamba na mwingine ukipiga maji, tukazifunga kwenye maboya pembeni mwa kipimajoto cha taifa, bila kukisumbua.

Siku ya bamvu maji yalitoka kama alivyosema. Saa sita mchana niliweka mguu kwenye maji ya kifundo pale shamba lilipokuwa, nikauondoa mbio. Ilikuwa siku ya huzuni, sitaficha. Majani ya bahari yalilala chini yamepauka. Samaki wadogo, wale wa rangirangi wasio na jina sokoni, walikuwa wameelea pembezoni mwa vidimbwi, na kaa waliokuwa wakitafuta kivuli hawakukipata.

Bwana Mcha alikuja akiwa peke yake, na koti lake. Aliwatazama wale samaki.

"Baridi imewaua," alisema. Ilikuwa nusu ya swali, akanitazama kama mwanafunzi anavyomtazama msahihishaji.

Akachuchumaa, jambo lililomchukua muda na koti lile, akaingiza mkono kwenye kidimbwi. Hakuutoa haraka. Nadhani alikuwa anajilazimisha kuhesabu. Alipoinuka, vidole vyake vilikuwa vyekundu. Alifungua kifungo cha juu cha koti, akafungua na cha pili, akasimama hivyo akivuta pumzi.

"Mgeni," alisema, "ukiandika habari zetu, usiandike vifungo hivi."

Nimeviandika kwa kuwa nadhani ndilo jibu sahihi pekee alilolitoa, na sikuona haki kumnyima alama yake.

Alasiri maji yaliporudi tuliogelea hadi kwenye maboya, mimi na Bi Mashavu. Alivuta pumzi, akazama, nikabaki nikihesabu. Aliibuka na tawi mkononi, jekundu, gumu, bila weupe, akalivunja likalia ko, akanirushia kipande usoni. Kisha akapiga kelele ambayo ufuko mzima uliisikia, na wanawake waliokuwa ufukweni wakaijibu kwa vigelegele. Kamba zote arobaini zilikuwa hai. Alianza pale pale kugawa mbegu kwa majina, akihesabu kwa vidole hewani.

Tulishika boya moja tukapumzika.

"Mama yangu," alisema, "alilima mwani maji yakimfika magotini. Alikuwa akiimba huku anafunga, na kanga yake haikulowa. Mimi ndiyo huyu, nalima kama pomboo. Binti yangu nitamfundisha kuzama, maana bamvu ijayo sidhani pima tano zitatosha." Alitema maji. "Na kwenu, Mwalimu? Wanawake wa kwenu wanalima wapi?"

"Ufukweni," nilisema. "Wamesimama."

"Magotini?"

"Magotini."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake ameacha nyumba inaungua akaja kutembea.

"Sasa unaelea huku unafanya nini?" alisema, akanisukuma kuelekea ufukweni. "Nenda ukawafundishe kuogelea!"